Beji Namba 614

Sheffield nzima hakuna mtu wa kumkabidhi kitu au siri kama mimi, Keeley Staniforth. Ndiyo maana leo asubuhi Bibi alinipa mimi beji yake niisugue.

Hiyo si beji ya mchezo. Ni ya shaba, namba 614. Alipewa akiwa na miaka kumi na tisa, vita vilipowachukua wanaume na kiwanda cha chuma kikampandisha yeye kwenye kreni. Vita vikaisha, wanaume wakarudi, yeye na wenzake wakaambiwa waende makwao. Hata asante hawakupata. Bibi akagoma kurudisha beji. Leo, miaka sabini baadaye, jiji linawaita jukwaani kuwashukuru, na Bibi ameapa: "Bila beji yangu, sipandi!"

Ukumbi ulifurika! Matarumbeta yalitikisa madirisha. Mabibi kumi na wawili wa kiwandani, Bibi akiwemo, walikaa safu ya mbele, lipstiki nyekundu zinawaka. Mimi nilisimama kando ya jukwaa. Nikatia mkono mfukoni nitoe beji. Mtupu!

Dada yangu Bryony alikuwa kule nyuma, mlangoni. Nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti: "Beji imepotea!"

Naye kwa midomo: "Acha utani wewe!"

"Haki ya Mungu! Imedondoka kwenye basi. Usimwambie kikongwe, atanichuna ngozi!"

Safu nzima ya mbele ikaangua kicheko. Hapo ndipo nilipokumbuka, nimeshachelewa: nyundo za kiwandani zilikuwa hazimwachii mtu nafasi ya kusikia, kwa hiyo wanawake hawa walipiga soga miaka mitano kwa kusomana midomo. Bibi alikuwa akiisoma kutoka juu kabisa, kwenye kreni!

Bendi ikanyamaza. "Namba mia sita na kumi na nne!" meya akaita.

Bibi akainuka. Hakwenda jukwaani. Alinijia mimi.

"Kikongwe ndiye nani, we mtoto?" akauliza, ukumbi mzima unasikia. "Na basi gani hilo? Hebu fungua skafu."

Nikafungua. Beji ikang'aa kwenye kola ya koti langu.

"Nilikuona asubuhi mbele ya kioo," akasema, "unajipiga picha nayo, unaniigiza ninavyotembea." Akanyoosha mkono. "Lete. Wananisubiri."