Kipande cha Phelista

Mimi Sifuna nimetembea. Nimepakia mahindi Suam, nimechoma makaa, nimevusha sabuni mpakani Lwakhakha. Hata shule nilisoma vipande vipande, darasa hili mji huu, lile mji ule. Mwaka jana nilirudi Sirisia kwa sababu dadangu Phelista aliniita. Ni mjane, watoto wake wako mbali, na titi lake la kushoto lilikuwa limekazana kama ugali uliolala. Uvimbe wa kushika haukuwepo. Ndiyo maana alikaa nalo mwaka mzima akilipaka mafuta.

Hospitalini Bungoma walimkata kipande cha titi. Daktari akasema ni kansa, hilo halina ubishi, lakini Kitale kuna maabara itakayosema ni kansa ya namna gani, ndipo ajue dawa ya kumpa. Akanikabidhi kichupa. Ndani nyama kama punje ya harage ilikuwa imelala kwenye maji yanayowasha macho.

"Mzee, kifike leo hii."

Hakikufika. Nilipitia nyumbani kuchukua koti. Nikaweka kichupa mezani, nikakitazama. Baba yetu alipokatwa kidole na mashine ya kukamua miwa, kidole kile kilizikwa nyuma ya nyumba, na mama akakisemesha kama mtu. Kwetu kipande cha mtu hakiachwi kizurure, la sivyo mwenyewe hatalala. Na mimi nimezurura, najua. Nikajiambia, kama ni kansa si washasema ni kansa? Wanatafuta nini tena? Nikamwaga yale maji, maana mtu hazikwi ndani ya plastiki. Nikachimba kando ya migomba, nikazika.

Phelista alipouliza, nikamwambia Kitale wamesema tungoje.

Wiki ya kwanza akangoja. Ya pili akawa anauliza kila asubuhi akinimiminia chai.

"Majibu je?"

"Bado."

"Hao watu wa Kitale wanapima kwa kijiko?"

Wiki ya nne aliinuka kwenye kigoda, akashika mgongo, akakaa tena.

"Sifuna," akasema. "Wewe tangu utoto ukidanganya unakuna sikio. Hilo sikio sasa litang'oka. Kipande changu kiko wapi?"

Nikamwonyesha migomba.

Akaitazama. Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Ati umekizika? Si ungeniita, bana! Mazishi yangu na mimi mwenyewe sikualikwa?"

Mimi sikucheka. Alipomaliza akajifuta machozi kwa leso, na akaendelea kuyafuta.

Walimkata tena. Safari hii kichupa nilikikumbatia mpaka Kitale, hata maji sikunywa njiani. Siku ya majibu nikaitwa na Daktari Ruchi wa maabara, mzaliwa wa Kitale hapo hapo, ambaye babu yake aliwahi kuniuzia suruali. Akaniketisha mbele ya darubini.

"Tazama, mzee. Seli za titi huwa zimeshikana. Kwenye ngozi ya seli kuna protini ambayo kazi yake ni hiyo, kushika jirani. Nimetia dawa ya kuionyesha. Ingekuwepo, ungeona rangi ya kahawia. Unaiona?"

"Naona buluu tu."

"Basi. Hizi zimeipoteza. Hakuna inayoshika nyingine. Ndiyo maana dada yako hakupata uvimbe. Uvimbe ni seli zilizokaa pamoja."

Nikainama tena. Zilikuwa moja nyuma ya nyingine, mstari mwembamba, kama watu wanaopita katikati ya miwa kwenda soko la Chwele. Mwendo ule niliujua.

"Zimefika wapi?"

"Picha zinaonyesha mifupa ya mgongo. Na ini."

"Siku ile nilipozika kipande cha kwanza, zilikuwa zimeshafika?"

Akavua miwani. "Kwa wengine kansa ya namna hii huenda polepole. Hii haikwenda polepole. Siwezi kukuambia ndiyo, mzee, na siwezi kukuambia hapana."

Heri angenitukana.

Dawa alipewa, akazimeza, akazitapika. Mwezi wa tano mguu ulikuwa haumbebi. Asubuhi moja nilimtoa nje aote jua, akanyoosha kidole kwenye migomba.

"Wewe ulishaanza. Malizia pale pale. Usinitawanye."

"Nimesikia."

"Halafu utaenda wapi?"

"Sijui."

"Hiyo migomba haijapaliliwa tangu mvua ianze," akasema, akafumba macho.

Tulimzika mwezi wa sita. Niliomba wachimbaji waniachie upande ule nichimbe mwenyewe. Kile kipande nilikitafuta kwenye udongo kwa vidole. Sikukipata.

Watoto wake walikaa siku tatu, wakarudi kazini. Juzi Barasa, tuliyepakia naye mahindi, alipiga simu kutoka Suam, ati malori yamepanga foleni na watu ni wachache, nije.

Nikamwambia siwezi, napalilia.