Mnazi Asioupanda Mwanamwema

Mwanamwema alikaa miaka ishirini na sita kwenye ardhi ya Mzee Mwinyijuma, pembezoni mwa mtaa wa Usagara, na hakupanda hata mnazi mmoja. Si kwa uvivu. Mzee alipowapokea yeye na mumewe Kombo, wametoka Pemba na mkeka na sufuria, aliwaambia wajenge, ila mti wa kudumu wasipande. Kila mtu wa pwani anajua sababu: apandaye mnazi kwa mwenzake anaitaka ardhi yake.

Kombo alitamani sana. Alipozaliwa binti yao Samira alileta mche, azike kitovu cha mtoto chini yake. Mwanamwema akamwambia aurudishe alikoutoa.

"Tumepewa pa kulala, Kombo. Hatukupewa ardhi."

Wakapanda bamia na mchicha.

Ikaja miaka ya ruksa, kila kitu kikawa cha kuuzwa na kununuliwa. Mzee alishakufa, na ardhi isiyokuwa na bei ikapata bei. Bwana wa viwanja akaja na futi kamba. Serikali inapima mtaa upya, alisema. Mwenye nyumba ya tofali au miti ya kudumu atamilikishwa. Nyumba ya udongo na makuti aliiandika banda. Kombo alitolewa humo akiwa maiti, nao wanaiita banda!

"Shikamoo, bibi. Minazi yako iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sina. Mwenye ardhi alinikataza. Muulize mwanawe, Abass, huyo hapo."

Abass alikwisha kupata mnunuzi. Alitazama chini.

"Mama Samira, kama marehemu baba alikupa ardhi, mbona hukupanda?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mwanamwema aliingia ndani, akakaa kitandani alikofia Kombo, akalia kwa uchungu wa kumnyima mumewe mti mmoja. Jirani yake Saleha, naye aliyekaribishwa na Mzee kwa sharti lile lile, lakini akapanda minazi mitatu kwa kificho nyuma ya choo, alipata kiwanja. Wema hauozi, watu husema. Waje wamwambie yeye.

Siku ya kuhama waling'oa mlango na boriti, wakapakia kwenye mkokoteni. Anakwenda kwa Samira, kwenye chumba kimoja cha kupanga Chumbageni, ua wote saruji.

Saleha akaja, macho yamemjaa machozi, kashika mche wa mnazi wenye majani mawili.

"Pokea, shoga yangu. Sina kingine cha kukupa."

Mwanamwema aliupokea kwa mikono miwili, akaushika kama mtoto.

"Niupande wapi, Saleha?"