Mti wa Kumi na Saba

Uzio wa kuchotea maji katika kitongoji kimoja juu kidogo ya Mbwera una miti ishirini na moja ya mkoko, imesimikwa mtoni nusu duara ili mamba asifike penye ndoo. Kila kaya ina mti wake, na kila mtu anajua upi wa nani. Wako ukioza unasimika mpya mwenyewe. Akikuwekea mtu mwingine, amekwambia mbele za watu kwamba kwako hakuna mtu.

Wa kumi na saba ni wa Seleman, mwenyekiti wa kitongoji. Mwezi wa pili aliung'oa, mzima vilevile, akaupakia kwenye boti ya mashine mpaka Ikwiriri, kwenye gesti anayojenga, maana boriti moja ilipelea. Alisema ataurudisha kabla ya mavuno.

Mama Onorina aliliona pengo siku ileile. Yeye na bintiye ndio Wakristo pekee pale; walitoka Mahenge kuja kulima mpunga, na mume alikwenda Dar akakaa hukohuko. Hakumwendea Seleman. Aliona haya, mgeni ni mgeni. Alipiga magoti ukingoni siku tisa, akasali novena nzima juu ya lile pengo. Siku ya kumi akamkabidhi mtoto kwa Mungu, akamkabidhi na ndoo.

Onorina alikuwa na miaka tisa. Ilipatikana ndoo tu.

Mwenye binti wa kuchota maji, hapo parudie kupasoma.

Wiki ya pili baada ya msiba, Mama Onorina alichota, akajitwika, akatua uani. Maji yakasema, "Mama, mti umewekwa?"

"Bado, mwanangu," akajibu, akainjika sufuria.

Tangu hapo maji yote ya pale huuliza. Huuliza mtungini, huuliza kwenye birika la kutawadhia. Yakichemka sana hunyamaza, ila kuni nazo zina kazi yake.

"Shoga, mwanao leo kaniuliza nimeinamia beseni la vyombo," alisema Mwanahalima, jirani yake. "Nikamwambia kamuulize mwenyekiti, mimi wangu upo."

"Msamehe."

"Nimsamehe nini? Ana adabu zake. Anaanza na shikamoo."

Seleman aliyasikia asubuhi moja akinyoa ndevu. Akamaliza na shavu la pili, akajifuta. Siku hizi analetewa maji ya chupa kutoka Ikwiriri, hata ya kuoga.

Mpunga ulivunwa, pengo likabaki pengo. Mama Onorina akatafuta mti, akausimika mwenyewe. Jioni akaukuta umetupwa mlangoni kwake, na Seleman amesimama pembeni.

"Mama, mimi nimekufa?" akauliza.

"Hapana, mwenyekiti."

"Basi usinizike. Nimesema nitauleta, nitauleta."

Watu walimsikia. Wengi walisema Seleman ana makosa, lakini mti wa mtu ni wa mtu.

Katekista hufika kila baada ya miezi miwili, akitokea Kibiti. Mama Onorina alimtilia maji kwenye glasi. Maji yakamwamkia. Katekista akaitikia marahaba, akanywa nusu.

"Nina swali," alisema Mama Onorina. "Ninayemwomba hajibu. Anayesema nami sikumwomba. Nimshike yupi?"

Katekista akaitua ile glasi. "Sijui, mama," akasema. "Mimi mwenyewe nina ombi langu halijajibiwa, mwaka wa sita huu. Endelea kusali tu."

"Kusali nitasali. Ila pale ukingoni sipigi magoti tena."

Kesho yake asubuhi, wasichana walipokwenda kuchota, walimkuta ndani ya mto, kwenye pengo, maji kiunoni. Mkono mmoja rozari, mkono mwingine mpini wa jembe. Mpaka wa mwisho alipojitwika ndipo akatoka, nguo zimemganda. Akaja na kesho yake, na keshokutwa, na mtondo. Mara mbili mamba alipita kwa nje taratibu, akaenda zake. Mungu hakusema kitu.

Mwezi wa kumi kata ilitaka taarifa ya nyuzio. Seleman akaja asubuhi na daftari, akasimama pakavu, akawa anahesabu kwa ncha ya kalamu. Kwenye wa kumi na saba kalamu ilisimama kidogo juu ya kilemba cha Mama Onorina, kisha ikaendelea.

"Ishirini na moja," akasema. "Uzio umetimia." Akaandika, akaondoka.

Zuhra, binti wa Mwanahalima, akazamisha ndoo yake.

"Zuhra, mti umewekwa?" yakauliza maji.

Mtoto akamtazama Mama Onorina.

"Bado," Mama Onorina akamjibia, akarudi kwenye Baba Yetu pale alipokuwa ameishia.