Kofia Kwenye Usukani

Jumapili moja mwaka wa 1999, Muthoki alikuwa akianua nguo nje ya nyumba yake Buruburu wakati trekta ya shamba moja la ngano la Narok ilipoingia mtaani bila dereva. Ilipunguza mwendo kwenye tuta, ikampisha muuza mayai, ikajiegesha mbele ya geti lake. Ikashusha jembe mpaka chini, ikazima injini, kisha usukani ukajizungusha kushoto na kulia mpaka presha ya oili ikaisha kwenye mipira ya haidroliki. Marehemu mumewe, Mwanzia, fundi wa matrekta, alianza kazi hivyo hivyo kila mara. Jirani alilalamika kidogo kwamba imemzibia njia.

Kwenye usukani ilining'inia kofia ya kijani ya Mwanzia, ile aliyozikwa nayo kule Mwala. Ilikuwa na udongo. Muthoki aliikung'uta, akairudisha palepale.

Katika gereji ya Nalianya, alikofanya kazi Mwanzia, kofia ya fundi ikiwa kwenye usukani, maana yake kuna mtu chini na injini haiwashwi. Mwaka uliotangulia, Mwanzia alikuwa chini ya trekta hiyohiyo, akiitayarisha kufungwa mtambo wa kujielekeza shambani. Mtu akawasha injini, gurudumu la mbele likageuka, likambana. Nalianya alisema hakukuwa na kofia yoyote, kwamba ni uzembe wa Mwanzia mwenyewe. Hata kanisani walimwombea kama mzembe. Muthoki hakutaka kingine ila jina la mumewe lisafishwe, na doa hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Jumatatu, Mativo, fundi wa gereji hiyo, alitumwa na Nalianya aichukue trekta. Alijaribu ufunguo, injini ikakataa.

"Mativo, siku ile kofia ilikuwa hapo?" Muthoki aliuliza.

Mativo aliangalia tairi. "Ilikuwa, Mama Ndindi. Mkubwa ndiye aliitoa akawasha. Mwenye shamba alikuwa anamharakisha."

"Basi kaseme."

"Nikisema nitafutwa, mama. Na kazi iko wapi siku hizi?"

Alikunywa chai, akashukuru, akaenda zake.

Jioni hiyo Muthoki alitoa kigoda, akala ugali wake akiwa ameegemea gurudumu. Binti yake Ndindi alikuwa ameolewa mbali, na tangu mazishi nyumba ilikuwa kimya mno. Aliieleza trekta kwamba maji yamekatika tena. Alifurahi kuwa na wa kumwambia.

Jumatano alikuja Nalianya mwenyewe, na tai shingoni. Aliitazama kofia kitambo, akaitambua.

"Pole sana, mama. Ajali haina kinga."

"Kinga si hiyo hapo unayoiangalia?" Muthoki alisema.

Nalianya aliitoa kofia kwenye usukani, akaitundika kwenye geti, akapanda. Hakuinama kuangalia kama kuna mtu chini. Injini ikawaka mara moja, akaondoka nayo kuelekea Jogoo Road.

Jumapili iliyofuata mhubiri aliwaonya vijana wasiwe wazembe kazini kama marehemu Mwanzia. Muthoki alisema amina pamoja na wenzake, akarudi nyumbani, akaifua kofia na kuianika. Jioni trekta ilipoingia tena bila dereva, ikashusha jembe na kuzima, aliipachika kofia kwenye usukani kwa mkono wake. Akavuta kigoda, akamimina chai vikombe viwili.

"Wamekutaja tena leo," akasema.