Bi Kheiria Atembea Yokohama

Mwaka mzima tangu afike Maskati kutoka Unguja, Bi Kheiria hakuvuka kizingiti cha mlango. Hakuna aliyemkataza. Mwenyewe alisema njia za hapa hazimjui. Alikaa chumbani, mgongo kwenye dirisha, chakula akikionja tu.

Mwaka 1968 Harub, mtoto wa kaka yake, alirudi likizo. Alikuwa baharia kwenye meli ya mafuta iendayo Japani. Alipomwona shangazi yake alivyokonda, aliketi karibu naye. Akaanza tu kumhadithia aliyoyaona kwenye njia za Yokohama.

"Kule, shangazi, mkahawani wanapanga wali na samaki dirishani, vinang'aa, kumbe vya nta. Mgeni asiyejua lugha huonyesha kidole, akaletewa vya kweli."

"Na nzi je?"

"Hutua, wakaondoka na njaa yao."

Bi Kheiria akacheka. Harub alikuwa hajamsikia akicheka tangu arudi likizo.

Basi kila alasiri akataka zaidi. Harub akamweleza teksi zinazofungua mlango zenyewe, na vijisanamu vya mawe kando ya njia, vilivyovishwa kofia za sufu visipate baridi. Akamweleza vibendera vya njano kwenye vivuko vya barabarani: mtu huchukua kimoja, akakiinua, magari yakasimama, akifika ng'ambo hukiacha kwa ajili ya mwenziwe. Bi Kheiria alisikiliza kafumba macho, miguu ikichezacheza mkekani.

"Taratibu, Harub. Nnakuja nyuma yako."

Asubuhi moja aliamka uso umemkunjuka.

"Nimeota niko huko, na buibui langu. Mvua nyepesi, njia inametameta, na wala hakuna anayenishangaa. Nikapotea. Polisi mmoja akanishika mkono, tukenda, tukenda, akanifikisha nyumbani."

"Unguja?"

Bi Kheiria alionyesha mlango kwa kidole. "Hapana. Mlango huu huu." Kisha akasema, "Nipe buibui langu."

Wakatoka. Mwanzo alimshika Harub kwa nguvu, akitembea kama mtu anayehofia kuamka. Kwenye kichochoro mbuzi walikuwa wakila dagaa wakavu. Akasimama kuwatazama.

"Mbuzi wanakula samaki! Na hili wewe hukunambia?"

"Nimezaliwa nimelikuta, shangazi."

Walipotokea bandarini, akaona majabali yamejaa maandishi meupe makubwa.

"Nani kayaandika kule juu?"

"Mabaharia. Kila meli ikija, hupanda wakaandika jina lake."

Akamtaka amsomee, moja moja, na yeye akiyarudia kwa sauti ya chini.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo alisikia Kiswahili, akageuka. Jina lake Nasriya, naye katoka Pemba.

"Karibu kahawa, dada! Mbona siku zote sijakuona?"

Bi Kheiria akauachia mkono wa Harub.

"Nenda zako, mwanangu," akasema. "Nitarudi mwenyewe."

Akavua viatu, akaingia.