Kilo za Gethin

Watu wa bonde letu wakisikia nafundisha chuo kikuu huuliza nafundisha nini. Nikiwajibu uuguzi wa watoto, hucheka kidogo, wakidhani ni kazi ya kubembeleza na kufuta makamasi. Hawajui. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Kila tone la dawa hupimwa kwa kilo zake, na ukikosea nukta moja unaweza kumzika. Nilifanya kazi hiyo wodini miaka kumi na tisa, nikaifundisha ishirini na miwili, na nasema bila haya: wauguzi wangu ni hodari. Mimi ni Mererid Pugh, na unyenyekevu sikujaliwa.

Mwaka huo nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Sioned Bevan, mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyekulia kwenye bucha la mama yake sokoni. Alikuwa na mikono minene na mwendo wa kobe. Mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu alikwisha kuanguka mara moja, kwa kuwa dakika kumi na mbili zilimwishia kabla hajampa mtoto dawa. Mara ya pili ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, miaka mitatu imekwenda na maji, na yeye anarudi buchani.

"Sioned," nilimwambia wiki moja kabla, "hapa hatukati nyama. Changamka."

"Wewe hujawahi kupanga foleni kwa mama yangu Jumamosi, Mererid," akanijibu. "Mtu akipunjwa nyama ya ukubwa wa kidole tu, soko zima linajua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo napima. Nimezoea."

Nilimwambia mdomo wake una kasi kuliko mikono yake, naye akacheka. Lakini nyumbani sikucheka. Nilimtaka yule mwanamke katika wodi za nchi hii, na sikuwa na namna ya kumsaidia.

Watoto wetu wa mtihani ni wanasesere. Glyn, fundi wa maabara, huwajaza mchanga hadi wafikie uzito wa mtoto halisi wa umri huo. Hiyo ni amri yangu. Wenzangu walinidhihaki sana, wakisema nani atampima mwanasesere? Nikawaambia muuguzi aliyezoea kubeba plastiki tupu hataujua mwili wa mtoto akiushika.

Siku ya mtihani niliandaa vyumba vitano, kila kimoja na mtoto wake na karatasi yake ya dawa. Karatasi zote niliziandika mwenyewe, maana simwamini mtu. Mimi nilisimamia chumba cha tatu, kitandani kwa Gethin, mtoto wa miezi minane mwenye homa kali. Kando yangu aliketi mtahini wa nje, Daktari Imogen Thwaite kutoka ng'ambo ya mpaka, Uingereza, na ubao wake wa alama. Wanafunzi kumi na mmoja waliingia mmoja mmoja. Walisoma karatasi, wakapiga hesabu, wakavuta dawa kwa bomba la kunyweshea, wakampa Gethin. Wote nikawawekea alama ya vema.

Sioned aliingia wa mwisho.

"Hujambo, bwana mdogo," alimsalimu mwanasesere. Akasoma karatasi kwa sauti: kilo kumi na nane. Akapiga hesabu, sawasawa kabisa. Akavuta dawa. Moyoni nikasema mpe sasa, mwanangu, mpe utoke. Akampakata Gethin ili dawa isimpalie, kisha akatulia. Akampima-pima mikononi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Mtahini haruhusiwi kusema, nikaitazama saa.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, akampeleka kwenye mizani ya pembeni, ambayo siku nzima hakuna aliyeigusa. Akamwinua, akamweka tena.

"Siwezi kumpa dawa hii," akasema. "Karatasi inasema kumi na nane. Huyu ana nane na pointi mbili. Naomba iandikwe upya."

Akaweka bomba chini. Kengele ikalia, akatoka.

Nikaichukua karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu. Kumi na nane zilikuwa kilo za Carys, mtoto wa miaka mitano wa chumba cha nne. Nilizinakili pasipo pake. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamempa mtoto mchanga zaidi ya mara mbili ya dawa yake, nami nikawapongeza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuionja wodini.

"Hakutoa dawa," alisema Thwaite akiandika. "Ni sifuri."

"Karatasi ina kosa, Imogen. Kosa langu."

"Ni mwanasesere, Mererid. Kwenye mtihani tunafuata karatasi." Akashusha sauti. "Ukilisema hili, matokeo ya wote kumi na mmoja yanafutwa, na jina lako linaingia kwenye ripoti. Rekebisha mwakani, kimyakimya."

Sitasema uongo, shauri lake nililifikiria. Miaka ishirini na miwili hakuna mtihani wangu uliowahi kutiwa doa. Lakini kimya changu kilikuwa kinamrudisha Sioned buchani kwa kufanya nililomfundisha.

"Futa hiyo sifuri," nikamwambia.

Saa tisa nilisimama mbele ya jopo la mitihani nikaeleza yote. Likaamua wale kumi na mmoja warudie Alhamisi. Mimi nilipewa barua ya onyo, na sikubishana nayo.

Nilimkuta Sioned kwenye korido, koti limefungwa hadi shingoni, macho mekundu.

"Usiniambie. Dakika ziliniishia tena."

"Uliujua mwandiko ule?"

"Nani asiyeujua? Nikasema Mererid hakosei, labda Glyn kapunja mchanga. Ndiyo maana nikampima mara mbili."

"Na kama ningekuamuru umpe?"

"Ningekwambia umpe mwenyewe."

Nilicheka hadi watu wakachungulia milangoni. Mimi si mtu wa kukumbatiana, lakini nilimkumbatia na koti lake lililolowa mvua. "Umefaulu," nikamwambia. "Aliyeanguka ni mwalimu wako, na hajawahi kujivuna hivi tangu azaliwe."

Alilia, nami nikalia, hatukuoneana haya. Kisha akajifuta pua.

"Na Gethin je? Kuna aliyempa dawa yake?"

"Gethin?"

"Homa si bado anayo?"

Tukarudi chumba cha tatu. Nikaandika karatasi mpya, polepole, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza: kilo nane nukta mbili. Sioned aliisoma toka juu hadi chini, akanishukuru kwa adabu, kisha akambeba Gethin kumrudisha kwenye mizani.