Mushanana Mbele ya Msumeno

Mimi Gahongayire sibembelezi mtu karakanani kwangu. Ukifika Nyakabanda ukaulizia seremala mwanamke mwenye mdomo, watakuleta mlangoni pangu bila hata kutaja jina. Nimekulia Bukoba, Kiswahili nilikitoa huko, na hasira nadhani nilizitoa huko huko. Msumeno wa meza ninao mmoja, na sheria ni zangu: ukiusogelea, hakuna mkufu, hakuna skafu, hakuna nguo inayoning'inia. Mchungaji wetu alikuja na tai, nikamwambia aivue au asimame nje. Alisimama nje.

Jumamosi ile tulikuwa tunamtoa Mahoro, binti wa baba yangu mdogo, Bayingana. Kwetu bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu, fanicha inatoka kwao, na kabati lake nilikuwa nimelitengeneza mimi. Wakwe, kwa ustaarabu wao, wakaleta pikapu ya kulibebea. Aliyekuja nayo ni mzee Rutayisire, baba mkubwa wa bwana harusi, amevaa suti na viatu vinavyong'aa.

Basi kabati likakataa rafu ya mwisho. Ilizidi nusu sentimita. Kosa langu, sikatai: nilipima kabla ya kupigilia ubao wa mgongo.

"Naipunguza kwa randa," nikasema. "Nusu saa tu."

Baba mdogo alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye sherehe, na mushanana yake mwilini, lile shuka jeupe la heshima linalofungwa fundo begani likashuka mbele na nyuma. Yeye ndiye aliyenifundisha useremala, kwa hiyo kwangu hajioni mgeni.

"Nusu saa! Mkwe asimame juani nusu saa? Mashine ni dakika moja."

"Mashine sawa, ila si na nguo hiyo. Ivue, baba."

"Nivue mushanana mbele ya mkwe? Una wazimu wewe? Nitaishika."

"Na ubao utaushika kwa nini, kwa meno?"

Rutayisire akacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mzima, siku ya kumtoa binti yake, anachekwa na mkwe kwa sababu ya mdomo wangu! Baba mdogo akanipita, akabana pindo la shuka kwapani, akawasha msumeno.

Ukaanza kunguruma. Akausukuma ubao, kwapa likalegea, pindo likachomoka. Nikaliona linapepea juu ya meza, karibu kabisa na meno ya msumeno. Yeye hakuliona, macho yake yalikuwa kwenye mstari wa kukatia.

Nilitamani kumrukia nimvute. Lakini mtu aliye kwenye mashine humgusi, ukimshtua unamtupia mkono kwenye meno. Nikakimbilia ukutani, nikashusha swichi kubwa.

"Acha ubao! Rudi nyuma!" nikamfokea kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Akauachia. Ila msumeno ukizimwa hausimami hapo hapo, unaendelea kuzunguka kwa nguvu zilizobaki. Meno yakalidaka pindo. Shuka likamkaza shingoni, likamwinamisha juu ya meza, mkono wa kulia ukatangulia mbele. Yesu wangu! Nilijua nimeshampoteza. Kisha fundo la begani likafunguka, shuka lote likamtoka, likajiviringisha kwenye msumeno hadi ukakwama. Umeme ungekuwa bado unasukuma, fundo hilo lisingewahi kufunguka.

Baba mdogo akabaki amesimama na shati na suruali, alama nyekundu shingoni. Mimi nalia, na bado nafoka.

"Mzee mzima! Ningemwambia nini Mahoro leo? Eh? Ningemwambia nini? Niliogopa, baba, niliogopa sana!"

Rutayisire alikuwa mlangoni, kaona kila kitu. Sasa nikaogopa jambo jingine. Nimemfokea baba yangu mdogo mbele ya ukoo tunaoozana nao, na neno la kwanza la baba mdogo ndilo litakaloamua kama nitakanyaga tena kwake. Sikuomba msamaha. Ingetokea tena, ningemfokea tena, na kwa sauti kubwa zaidi.

Baba mdogo aliliangalia lile shuka lililochanika. Akajipangusa vumbi la mbao kwenye shati, akamwendea mkwe wake vile vile alivyo, bila mushanana, bila fahari yoyote.

"Mkwe, utatuwia radhi, tutachelewa," akasema. "Fundi amekataa haraka."

Akamnyooshea mkono wa kulia. Rutayisire akaupokea kwa mikono yake miwili, akaugeuza akautazama, na hakuuachia upesi.